Swali la Daktari Kuhusu Pombe

Nilitapika damu mbele ya kidato cha pili, chaki ikiwa mkononi, katikati ya kipindi cha jiografia. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi karibu mwaka mzima na tumbo nisilolielewa. Nilikuwa nakula vijiko vitatu vya wali nashiba. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kulikuwa na uzito, na sketi zangu zote niliacha kuzifunga zipu hadi juu. Zahanati ya kwetu Goba walinitibu taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja. Nikimaliza dozi nafuu inakuja siku chache, halafu uzito unarudi palepale.

Siku ile shuleni damu ilikuwa nyingi, nyingine nyekundu, nyingine mabonge. Walimu wenzangu walimpigia mume wangu, ambaye ni karani bandarini, simu yake haikupatikana. Wakampigia jirani yangu.

Huyu jirani niseme alikuwa nani kwangu. Tulihamia Goba mwaka uleule, nyumba zetu hazijapigwa plasta, na viwanja vyetu vinapakana. Funguo zangu zilikuwa kwake na zake kwangu. Kanisani tuliimba naye sauti ya pili, tunasimama bega kwa bega. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho ni mie niliyemkanda. Kwa hiyo nilipomwona anaingia hospitali na khanga yangu mkononi, nilishukuru kuliko kama ningemwona mama yangu mzazi.

Kesho yake, baada ya kuongezewa damu na kuingizwa kipimo cha kamera kooni, alikuja daktari kijana. Jirani alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kashika mkoba wangu.

"Mama, unatumia pombe?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Bia, wine, pombe kali?"

"Sijawahi kunywa maishani mwangu."

Akaandika. Akaweka mkono tumboni, akabonyeza taratibu kuanzia karibu na kitovu kwenda kushoto, akasimama mahali ambapo siku zote palikuwa na ule uzito. "Hii ni bandama. Imevimba sana. Na kamera imeonyesha mishipa ya damu kwenye koo la chakula imetuna, mmoja ndio ulipasuka. Tumeifunga kwa vipete vya mpira. Mara nyingi inakuwa hivi ini likishakakamaa." Akanitazama usoni. "Naomba uniambie ukweli, mama. Hapa hatumhukumu mtu. Pombe?"

Nilimgeukia jirani yangu anisaidie kujibu. Harusi ngapi tumekaa meza moja, mie na soda yangu? Yeye alikuwa anaangalia sakafu.

Daktari simlaumu. Alikuwa anafanya kazi yake, na swali lile anapaswa kumuuliza kila mgonjwa wa namna yangu. Alichukua damu ipimwe virusi vya homa ya ini, akaagiza ultrasaundi, akanipa vidonge vya kutuliza msukumo wa damu kwenye ile mishipa. Baada ya siku sita niliruhusiwa, niendelee na kliniki.

Nyumbani palikuwa pamebadilika. Wanakwaya, ambao mtu akijikata kidole wanakuja na sufuria la uji, walikuja wawili tu, wakakaa dakika chache. Mwenyekiti wa kwaya alipiga simu, akaniambia nipumzike kwanza, nisihangaike na mazoezi, "mpaka mambo yako yakae sawa." Nilimwambia nategemea kurudi baada ya wiki mbili. Akasema, "Hapana mwalimu, pumzika tu."

Asubuhi moja nilitoka chumbani pole pole, maana mwili ulikuwa haujapata nguvu, nikamkuta mume wangu jikoni kafungua chupa yangu ya chai, ananusa. Si kuangalia. Ananusa, pua imeingia mdomoni mwa chupa.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama chai ipo."

Kwao ni Kilimanjaro. Pombe ya ndizi hupikwa kila sherehe, na miaka yote ukweni nilijulikana kama mkwe wa kuletewa soda. Mawifi walinitaniaga kwa hilo. Nilisimama mlangoni, nikaona kabati la chini liko wazi, ndoo ya unga imesogezwa, mifuko yangu ya vitabu imeinuliwa na kurudishwa vibaya. Alikuwa ameshapekua.

"Unatafuta chupa," nikasema.

Akafunika chai. "Jirani alinieleza alichosikia kwa daktari."

"Alisikia nini?"

"Kwamba ini lako limekakamaa kwa pombe."

"Daktari aliuliza. Kuuliza ni kusema?"

"Sasa angeuliza bila sababu? Kama unakunywaga shuleni niambie tu, mama watoto, tutafute msaada."

Ndivyo nilivyojua. Nilirudi kitandani nikalala nimeuangalia ukuta.

Majibu yakaanza kuja. Virusi vya homa ya ini aina ya B, sina. Aina ya C, sina. Mtu mwingine angefurahi, na mie mwanzoni nilifurahi. Lakini nilipomwonyesha mume wangu ile karatasi, alisema, "Kumbe si virusi," akanirudishia karatasi, na nilielewa vizuri sana kilichobaki kichwani mwake. Sukari yangu ilikuwa sawa. Vipimo vya jinsi ini linavyofanya kazi vilikuwa karibu sawa na vya mtu mwenye afya. Kila jibu lililorudi safi lilinizidishia hatia.

Kliniki ya tatu nilimkuta daktari bingwa, mama wa makamo. Nilikaa nikiwa nimeshajiandaa kwa swali la pombe. Hakuliuliza. Alisoma majibu yangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, umekulia wapi?"

"Ukerewe."

"Kisiwani kabisa? Mkioga ziwani?"

Nikacheka kidogo. Tungeoga wapi kwingine? Tulichota maji humo, tulifulia humo, tukitoka shule tuliingia na sare zetu. Kaka zangu walikuwaga wanaharisha damu, na mtaani hakuna aliyeshtuka, ilionekana ni jambo la kukua.

Akaweka kalamu chini. Aliagiza choo kipimwe, akanirudisha ultrasaundi siku ileile, akaenda mwenyewe kusimama nyuma ya mpimaji, akimwonyesha kidole kwenye skrini. Tuliporudi ofisini alinichorea kwenye karatasi.

"Ni kichocho, cha aina inayokaa tumboni. Minyoo inaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, inataga mayai, na mayai yanachukuliwa na damu mpaka kwenye ini. Ini linajenga makovu kuyazunguka. Miaka inavyokwenda, makovu yanabana njia, damu haipiti. Inarudi nyuma, inajaa kwenye bandama, inajaa kwenye mishipa ya kooni. Ini lako lenyewe bado linafanya kazi, ndio maana vipimo vya damu ni vizuri. Choo hakikuonyesha mayai, lakini kwa maambukizi ya zamani hivi hilo ni kawaida. Makovu yenyewe nimeyaona."

"Kwa hiyo si pombe."

"Nani amekwambia ni pombe?"

Nililia pale ofisini mpaka nesi akafunga mlango. Daktari aliniacha nimalize. Kisha akaniambia bila kunificha: dawa itaua minyoo kama bado ipo, makovu hayatafutika, na kamera ya kooni nitairudia kila mara maisha yangu yote.

Mume wangu alisoma karatasi ya daktari mara mbili akiwa amesimama. "Kumbe," akasema. Baadaye, wakati wa kula, akaongeza, "Mie nilikuwa nawaza watoto."

"Na mie nilikuwa nalala kitandani kwako miaka kumi na minne," nilimjibu.

Akaomba msamaha. Aliomba vizuri, mbele ya mchungaji pia. Nimemsamehe, nadhani. Lakini mpaka leo nikimimina chai mbele yake mkono unasita.

Kwa jirani nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kibarazani anachambua mchicha. Nikamweleza yote, mayai, makovu, ziwa. Akasema Mungu ni mwema.

"Ulimwambia nani?" nikamuuliza.

"Mmoja tu, dada. Nilimwambia mmoja ili tukuombee."

"Mlikuwa mnaniombea niache kitu nisichokifanya."

Akaendelea na mchicha wake. "Nilisikia kwa masikio yangu daktari anasema."

"Na mie ulinisikia nikisema sijawahi. Ulikuwa umekaa karibu na mie kuliko na yeye."

Hakujibu. Nikamwomba kitu kimoja: siku ya mazoezi asimame, awaambie wanakwaya ni kichocho, aliwakosea na alinikosea. Akakunja uso kama nimemwomba avue nguo.

"Mambo yenyewe yameshapoa. Tukiyachokonoa ndio watu wataanza upya. Rudi tu uimbe, nani atakuuliza?"

Hakusimama, si wiki ile wala nyingine. Nilirudi mazoezini mara moja. Walinikumbatia wote, na mmoja akaninong'oneza, "Hongera kwa kushinda," na nikajua nimeshinda nini machoni pake. Sikurudi tena.

Sasa nasali kanisa jingine, upande wa Tabata, ambako ninakaa benchi la nyuma na siimbi. Niliwapigia ndugu zangu kisiwani wakapimwe, na mdogo wangu wa kiume alikutwa nacho, ini likiwa bado halijaumia sana. Amekunywa vidonge vyake. Kliniki naenda peke yangu. Kwenye fomu, mahali pa mtu wa kupigiwa simu ya dharura, nimeandika namba ya dada yangu aliyeko Kawe, ingawa akitaka kufika anachukua saa nzima na jirani tunatenganishwa na ukuta tu.

Funguo tulirudishiana kwa kutumana watoto. Tukikutana njiani tunasalimiana, habari za asubuhi, nzuri, basi. Watoto wake wakiniona bado wanakimbia getini, "Shikamoo mama," wote kwa pamoja. Nawaitikia marahaba, nauliza habari za shule, kwa sababu wao hawakusikia chochote hospitali.