Shikamoo ya Masanja Katikati ya Reli

Leo nusura salamu iue mtu.

Tulikuwa tunabadilisha mataruma, yale magogo yanayolaziwa reli, nje kidogo ya Shinyanga. Mnyapara wetu, Mzee Athumani, akapiga filimbi: treni inakuja. Tukashuka chini ya tuta la reli, kama alivyotufundisha.

Masanja, aliyeanza kazi juzi, alibaki nyuma, bado anavuka reli ashuke. Ghafla akamwona Mzee, kwa mbali juu ya tuta, anamkimbilia kumhimiza. Akakumbuka hajamwamkia tangu asubuhi.

Akachutama palepale kati ya reli.

"Shikamoo, baba."

"Toka hapo!"

Sasa, kwao Masanja, mkubwa akikukaripia unajishusha zaidi. Akainamisha kichwa hadi kwenye kokoto.

Treni inalia. Mzee yuko mbali, hamfikii.

Mzee akageuka, akashuka tuta taratibu, kama mtu aliyesusa.

Masanja kuona Mzee anaondoka bila kuitikia, akainuka, akamfuata mbio.

Treni ikapita nyuma ya mgongo wake.

Mzee akakaa kwenye majani, akamwita Masanja akae naye.

"Marahaba, mwanangu. Kesho uniamkie hukuhuku chini."

Ndugu zangu wa huko nyumbani Songea, ninyi mngefanyaje?

Mama yangu akiuliza habari za kazi, mwambieni tu huku tuna adabu.