Siku Jua Lilipofunikwa

Nina kesi na watu wa sayansi tangu nikiwa mtoto. Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba Jumamosi jua litafunikwa mchana. Baba, mzee wa kanisa pale Kathonzweni, alisema huo ni upuzi, akatoa kiti akakaa uani akiimba. Mama alitufungia ndani tusiharibike macho. Giza likaingia, kuku wakaenda kulala, na huko nje wimbo ukakatika.

Jua liliporudi, Baba aliingia akasimama mbele ya redio kama anayemkabili mtu. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka shambani msimu wa pili mfululizo.

"Mambo ya jua wanajua hadi dakika," akasema. "Mvua ndiyo hawajui?"