Tumbaku ya Bi Kijakazi

Jirani yangu hapa Madungu, Bi Kijakazi, ni mkorofi, na simsengenyi: nimeshamwambia usoni. Hutafuna tambuu tangu alfajiri mpaka anapolala, na tambuu isiyo na tumbaku huiita majani ya mbuzi. Sheha wetu alipotangaza kwamba madukani asiuziwe sigara wala tumbaku mtu asiyetimiza miaka ishirini na moja, yeye ndiye aliyeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Vijana wanaharibika, alisema, na mdomo wake mwekundu kama kidonda.

Siku hizo mwanawe Hafidh, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Bi Kijakazi alishikilia kwamba mkwewe lazima awe mdogo kuliko mwanawe, na wazee wa Makangale wakamwambia binti yao Khairat ana kumi na tisa. Khairat alimpenda mumewe kweli. Aliamka kabla ya wote, akateka maji, akafua, akapika, na bado akatukanwa.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa na Bi Kijakazi barazani kwake, akamwita.

"Nenda dukani kwa Shaame ukaninunulie tumbaku."

"Mama, Mzee Shaame hataniuzia. Jana kanirudisha, kasema miye mdogo."

"Leo ukirudi mikono mitupu usiingie humu. Pitiliza kwenu."

Alikwenda analia. Aliporudi alikuwa anatabasamu, tumbaku kaishika mkononi.

"Kakuuzia vipi?" Bi Kijakazi aliuliza, kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake.

"Nimemwambia nimesoma darasa moja na mwanawe, Rahma, alipokuwa akikaa Makangale kwa bibi yake."

Rahma ana watoto watatu, na mtaa mzima tunajua ametimiza miaka ishirini na mitano. Khairat alitutazama, akaelewa alichokisema, akapiga magoti.

"Mama, wazee ndio waliosema, si miye. Nakuomba, usimwambie Hafidh."

"Hafidh atajua leo hii, na talaka yako utaipata. Sikumuozesha mwanangu dada yake."

Nilimtetea. Nilisema miaka mitatu si kitu, na mke kama huyu hatampata tena. Niliambiwa nikaozeshe wanangu mwenyewe.

Hafidh, bwege yule, alitii. Kesho yake Khairat alipakiwa garini na sanduku lake kurudishwa Makangale, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mumewe hakutoka ndani.

Gari ilipoondoka, Bi Kijakazi aliinua mto aliokuwa ameukalia, akatoa kopo la tumbaku limejaa pomoni, akaanza kujitengenezea tambuu. Nilishikwa na hasira. Nikamuuliza kwa nini alimtuma mtoto wa watu dukani, ilhali tumbaku alikuwa nayo tele.

"Nilikuwa nna shaka na umri wake," akasema, akipaka chokaa. "Sikujua nimuulize nani."