Shahidi wa Goti Langu

Siku walipokuja Kaole kuandikisha askari, nilikuwa juu ya mnazi, naangua madafu ya harusi ya dada yangu. Nilishuka kufuata tarumbeta zao, si kumfuata Mwingereza. Harusi ilipokwisha nikavishwa kaptura.

Burma, tulikopelekwa kupigana na Wajapani, ilikuwa mvua na matope. Mwenzangu alikuwa Sefu, Mkwere wa Kiwangwa, msemaji kweli. Hata tukiamriwa kimya, midomo ilimcheza.

Asubuhi moja, tukivuka kijito, kombora likaanguka.

Sikusikia kishindo. Niliona goti langu limefunguka.

Sefu akanibeba mgongoni. La pili likapasuka kando ya kichwa chake.

Hakunitua.

Nilirudi Kaole na mguu usiokunjika. Nikaomba malipo ya ulemavu, nikanyimwa: eti mimi mkwezi, nilianguka mnazini. Nikakata rufaa. Wakataka shahidi aliyeona kwa macho. Nikamfuata Sefu.

Kwao, mkewe ndiye aliyeitikia hodi. Sefu alikuwa hasikii kitu tangu siku ile. Nikamwonyesha goti, nikamwonyesha njia ya Bagamoyo. Akaelewa. Akavaa kanzu yake ya Idi, tukaenda bomani.

Karani alimtafsiria Mzungu aliyesikiliza rufaa; akamuuliza Sefu: "Ulimwona huyu akiumia?"

Sefu akamtazama midomo. "Waalaikumu salamu," akajibu.

Karani akacheka.

"Bwana, hasikii," nikasema. "Masikio yake yaliharibika siku ileile, akinibeba."

"Na hayo yana shahidi?" karani akauliza.

Nikamgeukia Sefu. Akaanza kueleza mwenyewe kwa sauti kubwa: kijito, matope, damu yangu ikimchuruzika mgongoni. Hakukosea hata neno. Mzungu akainua mkono. Shahidi asiyejibu anachoulizwa, akasema, si shahidi. Rufaa ikatupwa.

Nje, Sefu akanishika bega. "Wamekubali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alhamdulillahi!" Akacheka, akashika njia ya kwao.

Mguu siulilii sana. Wako wenzetu waliozikwa kulekule bila hata sanda. Lakini Sefu hakudai chochote kwa masikio yake. Alifariki wakati wa mvua za mwaka uliofuata. Nilipokwenda Kiwangwa kuhani, mkewe alinishika mkono, akanishukuru kwa kumpa mumewe safari ile. Alisema hadi anakata roho, marehemu alifurahi kwamba maneno yake yalinisaidia.