Apolinaria na Ndama Aliyevutwa

Wifi yangu Apolinaria anaona wivu kama wengine wanavyopumua. Tangu kaka yangu Jilala amwoe Elieth awe mke wa pili, hapa kwetu Igunga hakuna kinachoingia nyumba ya yule mdogo bila Apolinaria kukipima kwa macho. Elieth akinunuliwa doti moja ya khanga, yeye anataka mbili. Kaka akikohoa kule, anauliza kwa nini hakukohoa kwake. Mimi humwambia kaka kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Hucheka, halafu huenda zake mnadani.

Si mvivu, msinielewe vibaya. Mpunga wake haujawahi kukosa palizi, na bei ya ng'ombe anaijua kuliko mumewe. Ila akiona mwenzake ana kitu, hakai.

Mwaka jana Jilala alimpa kila mke mtamba mmoja, wakapandwa na dume lile lile, wiki ile ile. Kisha huyo kaka, kwa upumbavu wake, akatamka kwamba ambaye ng'ombe wake atatangulia kuzaa ndiye atakayesimamia maziwa ya boma zima. Nilijua hapo hapo kuwa ametia moto kwenye nyasi.

Asubuhi moja ya mavuno, mitamba wote wawili wakashikwa na uchungu. Wa Apolinaria alikuwa ameshapasua chupa, kwato zinachungulia tu. Wa Elieth alikuwa amejilaza nyuma ya rundo la majani ya mpunga, anasukuma. Apolinaria alikwenda kuchungulia kule mara moja, akarudi uso umemvimba kwa gere. Akachukua kamba.

"Wifi, mwache, njia haijafunguka!" nilipiga kelele kutoka jikoni.

"Unamtetea nani? Unataka yule anitangulie?"

Akawaita wanaume wawili waliokuwa wakipura mpunga kwa jirani. Wakafunga kamba kwenye kwato, wakavuta. Ng'ombe alilia nikaziba masikio. Ndama akatoka, na Apolinaria akapiga vigelegele huku anatazama upande wa Elieth.

Vigelegele vikakatika. Ndama alikuwa amelala, ulimi wa bluu, kichwa hakiinuki. Mama yake naye yuko chini, hajiwezi, chuchu hazitoi hata tone. Haukupita muda, mtamba wa Elieth akazaa bila mtu kumgusa. Ndama wake akayumba, akasimama, akaanza kutafuta titi.

Tulimpigia simu bwana mifugo, Nestory, akaja na pikipiki. Alimsafisha ndama pua, akamsugua kwa majani makavu mpaka pumzi ikatulia. Kisha akatoa damu kidogo kwa ndama wote wawili. Ya yule wa Elieth ilikuwa nyekundu. Ya huyu ilikaribia weusi.

"Mama, mmemvuta kabla ya wakati," alisema. "Amebanwa, amekosa hewa, damu imechachuka. Ndiyo maana hana nguvu za kunyonya. Na asipopata dang'a leo, yale maziwa mazito ya kwanza, damu yake itakosa kinga. Ugonjwa wowote utaondoka naye."

"Mama yake hatoi."

"Si kuna mwingine aliyezaa?"

"Nimwombe yule? Bora afe!"

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa unampapasa ndama shingoni na machozi yanamtoka. Nilimhurumia, nikatamani pia kumzaba kofi.

Elieth alisikia kila neno. Akaja na chupa ya soda imejaa maziwa mazito ya njano.

"Chukua, dada."

"Umekuja kunicheka."

"Nicheke nini? Huyu akifa, Jilala atahamia kwako mwezi mzima anakubembeleza. Ulipougua ile masika sikumwona hata kuja kuchukua shati. Nililia peke yangu mle ndani, dada. Mpe anywe!"

Apolinaria akabaki amemkodolea macho. Miaka yote ile alikuwa anahesabu vya mwenzake, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba na yeye anaonewa wivu.

Akaipokea chupa. Akafungua mdomo wa ndama, akamnywesha taratibu, nasi tukaona koo linacheza.

"Kakamue tena," akamwambia Elieth bila kumtazama. "Haya hayatoshi."