Injinia wa usalama aligoma kunawa kabla ya kwenda chooni, mjukuu wangu akapata kazi

Hivi wakuu, nyie mkienda chooni mnanawa kabla au mnanawa baada?

Msicheke. Jibuni kwanza moyoni, huko mbele mtanielewa. Haya yote nimeyaona kwa macho yangu haya, asiyeamini aje Magomeni hapa Mtwara aniulize. Anayebofya simu ni mjukuu wangu Somoe. Mimi shule niliishia la pili, ila mdomo ninao.

Korosho nimebangua tangu sijavunja ungo. Ganda lake lina mafuta meusi, yakikugusa yanachuna ngozi kama maji ya moto. Ndio maana sisi wabanguaji tunapaka mafuta ya nazi mikononi, juu yake majivu, ndio tunashika kazi.

Na ukibanwa haja, unanawa KABLA. Ukisahau siku moja, husahau tena maisha yako.

Sasa kimekuja kiwanda cha kukamua hayo mafuta ya maganda. Yale yale tuliyokuwa tunayatupa! Eti yanatengeneza rangi na breki za magari. Wakachukua vijana wa kufundishwa kazi miezi sita, Somoe wangu akiwemo. Kemikali, wanaita. Haya.

Atakayefaulu anaajiriwa. Atakayefeli, kwa Somoe ndio kurudi kijijini Ziwani kulima kwa mjomba wake, maana mama yake hayupo na mimi magoti yamekwisha. Hapo mjue roho yangu ilikuwa wapi.

Mwalimu wao injinia wa usalama, katokea Dar. Kijana mtanashati, kiatu kinang'aa unaweza kuchana nywele.

Miezi mitano anawaonyesha picha ukutani! Mtu kavaa helmeti. Mtu hajavaa helmeti. Mshale mwekundu. Ganda lenyewe walikuja kulishika mwezi wa mwisho. Kwetu huku hata mbuzi analijua ganda la korosho.

Siku ya mtihani wa vitendo wazazi tukaalikwa. Nikavaa kanga mpya, nikakaa mbele kabisa.

Glavu walizogawiwa ni zile nyembamba za zahanati. Somoe akaziangalia, akatoa kichupa chake cha mafuta ya nazi, akapaka, akajipaka na majivu, ndio akavaa glavu juu.

Injinia akamwona. "Wewe, nini hiyo?"

"Majivu, injinia. Hizi glavu mafuta yanapita."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

Akacheka, akawageukia wageni. "Hapa tunafundisha sayansi jamani, hatufundishi uganga. Usalama, sifuri."

Akaandika. Mbele yangu, wakuu! Somoe macho yakajaa maji, ila kazi hakuiacha. Akakamua, akapima, akamaliza.

Injinia naye akatuonyesha ufundi wake. Kakamua maganda, mbwembwe nyingi, glavu zimelowa mpaka vidole vyeusi, hana habari. Akazivua, akaelekea chooni. Choo kiko pembeni tu ya tulipokaa.

Nikamwita, "Baba, nawa kwanza."

"Bibi, watu wananawa wakitoka."

"Haya baba. Nenda salama."

Mungu anisamehe, sikumwambia mara ya pili.

Akarudi, kanawa vizuri na maji. Zikapita hotuba mbili, ndio akashika karatasi kusoma matokeo.

Jina la kwanza, sawa. La pili, akabadilisha mguu. La tatu, akaubana na mwenzake. Hapa Somoe anagoma kuandika. Nimemwambia andika, mke mwenzangu (ndio utani wangu kwa mjukuu), aibu ni yake si yetu.

Alipofika jina la Somoe hakulimaliza. Jasho. Akaidondosha karatasi, akakimbilia chooni mapaja yamebanana kama kaficha yai.

Tukasikia maji yanamwagwa. Loo, maji tena! Yale ni mafuta, maji yanayatembeza tu.

Meneja wa kiwanda, mama mmoja mpole wa kutoka bara, akaniuliza, "Bibi, kuna nini?"

"Korosho imemsalimia," nikamjibu.

Somoe akasogea na kichupa chake, akakipenyeza chini ya mlango. "Injinia, acha maji. Jifute na kitambaa kikavu, paka mafuta, jifute tena, halafu sabuni. Maji yaje mwisho."

Mara tukasikia pumzi ndeeefu.

Meneja akagonga. "Injinia, huyu binti umempa ngapi kwenye usalama?"

"Amefaulu!" Sauti ya ndani hiyo. "Amefaulu mama, mpe zote!"

Somoe kaajiriwa.

Na injinia? Wiki iliyofuata likabandikwa bango kiwandani: njia mpya ya kulinda mikono, mafuta ya nazi na majivu. Chini jina lake yeye, eti kabuni. Miaka yote hii vidole vyangu vyeusi, kumbe nilikuwa namsubiri azaliwe aje agundue!

Nilichojifunza mimi ni hiki: msomi asiyeuliza wenye mikono myeusi, ataulizwa na choo. Na wewe uliyefundishwa kazi kwa picha ukutani, weka yako hapo chini, nisomewe nicheke.

Somoe alipoliona lile bango alitaka kulibandua. Nikamwambia liache, mke mwenzangu, kazi ndio kwanza mbichi. Akanishika hii mikono yangu, akaniahidi:

"Bibi, siku nikiwa mkufunzi mimi, bango langu litakaa mlango wa choo, kwa nje. Nawa kabla. Na chini yake jina lako, kubwa kuliko la kiwanda."