Diski D ya Bi Salma

Mie fundi kompyuta wa Kikwajuni, hodari wa kujisifu. Bi Salma, aliyekuwa kakaa eda ya mumewe, aliniletea kompyuta yake kwa mkono wa mjukuu, kisha akanipigia simu. "Mwanangu, niwekee Windows upya, ila diski D usiiguse. Mna sauti ya marehemu akisoma maulidi."

"Bi, kazi hiyo naifanya nimefumba macho," nikamjibu.

Kumbe nilipotia CD ya Windows, diski zilibadilishana herufi, ile D ikaitwa C. Sikutazama. Nikaifuta C yote.

Jana alitoka eda, na mwendo wake wa kwanza ulikuwa dukani kwangu. Nikaifungua D kwa madaha. Mna Windows mbovu ya zamani tu, sauti hamna.

Bi Salma akafumba macho. "Nshakaa, mwanangu. Weka sauti kubwa."